Deni la msomi halilipwi kwa nasaha

Miongoni mwa Wamarekani Weusi kuna swali moja ambalo halizeeki. Huulizwa makanisani, huulizwa katika mikutano ya mawakili na madaktari, huulizwa katika mahafali ya vyuo vikuu, na kila kizazi hudhani kwamba ndicho cha kwanza kuliuliza. Swali lenyewe ni hili: Je, Mweusi aliyefanikiwa, awe daktari, wakili, mhandisi au mkurugenzi wa benki, anawajibika kuwashika mkono na kuwalea wenzake waliobaki chini? Au ana haki ya kuishi maisha yake kama mtu mwingine yeyote aliyetoka jasho akalipwa ujira wake?

Sisi tunasema bila kigugumizi kwamba anawajibika. Lakini tunasema pia, na hapo ndipo wengine watakapokunja uso, kwamba sehemu kubwa ya yale yanayoitwa malezi si malezi hata kidogo. Ni nasaha. Ni mawaidha ya mwenye shibe kwa mwenye njaa. Ni kuteua vijana watatu au wanne walio wepesi wa akili, kuwavisha tai, kuwafundisha namna ya kupeana mikono na wakubwa, kisha kupiga nao picha. Deni la msomi Mweusi ni kubwa kuliko hayo, na halilipwi kwa sarafu ya namna hiyo.

Tuanze na historia, maana swali likiulizwa bila historia yake huzaa majibu ya kubahatisha.

Enzi za ubaguzi wa kisheria swali hili halikuwa na makali liliyo nayo sasa. Si kwamba wasomi wa wakati ule walikuwa watakatifu. Hawakuwa na pa kukimbilia. Katika mtaa wa Harlem mjini New York, na katika mitaa ya kusini mwa Chicago, daktari Mweusi aliishi hatua chache tu kutoka kwa mbeba mizigo wa stesheni na kwa mama anayefua nguo za Wazungu. Hati za nyumba katika mitaa mingine ziliandikwa masharti ya kuzuia Mweusi asiuziwe wala asipangishwe. Mahakama ya Juu ya Marekani haikuzikataza mahakama kutekeleza masharti hayo mpaka mwaka 1948, na sheria ya nchi nzima ya kupiga marufuku ubaguzi katika makazi haikupitishwa mpaka mwaka 1968. Kwa hiyo mtoto wa mfuaji nguo alimwona daktari kanisani kila Jumapili. Alimjua kwa jina, alijua watoto wake, na hakuhitaji kuambiwa na mtu kwamba udaktari ni kazi iwezayo kufanywa na mtu wa rangi yake. Malezi yalikuwapo bila ya kuitwa malezi.

Mlango ulipofunguliwa kidogo, wenye uwezo walitoka. Msomi maarufu wa elimu ya jamii, William Julius Wilson, alieleza katika kitabu chake cha mwaka 1987 jinsi kuondoka kwa familia za tabaka la kati, pamoja na kutoweka kwa ajira za viwandani, kulivyoiacha mitaa ya katikati ya miji mikubwa ikiwa na watu maskini peke yao. Hatuwalaumu waliohama. Haki ya mtu kuishi apendapo ni miongoni mwa haki zilizopiganiwa, na hakuna anayepigania haki ili asiitumie. Lakini waliohama wasisahau kwamba jambo lililokuwa likitendeka lenyewe, kwa sababu ya ukuta, sasa halitendeki tena mpaka watu waamue kulitenda.

Hapa ndipo anapojitokeza mpinzani wetu wa kwanza. Huyu husema: "Mimi nilisoma usiku na mchana. Hakuna aliyenifanyia mtihani. Nilichonacho nimekipata kwa jasho langu, na sina deni kwa mtu yeyote." Hoja hii hupendwa sana na mtu aliyeanza kuonja utamu wa mshahara mnene. Tuipime.

Mwaka 1949, katika wilaya ya Clarendon, jimbo la South Carolina, wazazi Weusi walitia saini ombi la kudai shule zilizo sawa na za Wazungu. Madai yao yalikuwa yameanza na jambo dogo kabisa: watoto wa Kizungu walipewa mabasi ya kuwapeleka shule, watoto Weusi walitembea kwa miguu. Mmoja wa waliotia saini alikuwa Harry Briggs, mhudumu wa kituo cha petroli, aliyepata kuwa askari wa majini katika Vita Kuu ya Pili. Alifukuzwa kazi. Mkewe, Eliza, aliyekuwa mtumishi wa usafi wa vyumba vya wageni, naye alifukuzwa kazi. Mchungaji Joseph DeLaine, aliyekuwa nguzo ya madai hayo, nyumba yake iliteketezwa kwa moto mwaka 1951. Kesi iliyobeba jina la Briggs ikawa moja ya kesi 5 zilizounganishwa na kuamuliwa pamoja na Mahakama ya Juu tarehe 17 Mei, 1954, katika hukumu iliyotamka kwamba kuwatenga watoto shuleni kwa rangi yao ni kinyume cha Katiba.

Basi na tumuulize wakili Mweusi aliyeketi leo katika ghorofa ya 40, mwenye jina lake kwenye mlango wa kioo: huo mlango wa chuo ulioupita ulifunguliwa na nani? Kweli mtihani uliufanya wewe. Lakini chumba cha mtihani ulifunguliwa na mhudumu wa petroli aliyejua kusoma mita ya pampu, aliyepoteza riziki yake ili mtoto asiyemjua aketi kwenye dawati. Huyo hakuleta hati ya madai. Hakudai riba. Je, kwa kuwa mdai ni mpole, deni halipo? Wahenga walituonya tusisahau ubaharia kwa sababu ya unahodha, na chombo hiki mabaharia wake walikuwa wengi mno.

Hoja ya jasho binafsi, basi, haina msingi. Hata akina mama Weusi waliounda chama chao cha kitaifa mwaka 1896, chini ya uongozi wa Mary Church Terrell, waliiona kweli hii mapema. Wengi wao walikuwa walimu na wake wa watu wenye nafasi. Terrell mwenyewe alikuwa na shahada ya chuo kikuu katika zama ambazo wanawake wa rangi yoyote waliokuwa nayo walihesabika. Wakachagua wito wa kupanda huku wakiwainua wenzao. Walijua pia kwamba mbaguzi hatamuuliza mama Mweusi cheti chake kabla ya kumfukuza kwenye behewa la treni. Aliye juu na aliye chini walifungwa kamba moja, watake wasitake.

Mpinzani wetu wa pili ni mgumu zaidi kwa sababu anakubaliana na sisi. Anasema naam, deni lipo, na mimi nalilipa: nawateua vijana bora na kuwaandaa kuwa viongozi. Mawazo haya yana ukoo mrefu. Mwaka 1903 mwanazuoni W. E. B. Du Bois aliandika makala mashuhuri akisema kwamba Weusi, kama watu wote, wataokolewa na watu wao wa pekee, sehemu moja ya kumi yenye vipaji, ambayo ikielimishwa vema itawavuta waliobaki. Ni haki kukumbuka alikuwa akibishana na nani. Wakati ule wakubwa wengi wa Kizungu walitaka Mweusi afundishwe useremala na ukulima tu, asiguse falsafa wala sheria. Du Bois alikuwa akipigania haki ya Mweusi kufika kileleni mwa elimu, na katika hilo alikuwa sahihi kabisa.

Lakini miaka 45 baadaye, mwaka 1948, Du Bois huyo huyo alisimama Wilberforce, Ohio, mbele ya wasomi na matajiri Weusi wa chama chao cha watu wateule, akaipitia upya nadharia yake hadharani. Aliwaeleza kwamba alikuwa amedhani elimu ingeleta moyo wa kujitolea yenyewe, na kwamba hatari ya kujenga kikundi cha watu wanaojipenda haikuwa ndogo. Si kila mtu huwa na ushujaa wa kuyasema hayo mbele ya wenyeji waliomwalika. Baada yake akaja E. Franklin Frazier wa Chuo Kikuu cha Howard, ambaye kitabu chake juu ya mabwanyenye Weusi kilitoka Paris mwaka 1955 na Marekani mwaka 1957. Frazier aliwachambua bila huruma: watu wanaoiga anasa za Wazungu wasiowataka, huku wakiwaonea haya Weusi wenzao wasiojiweza. Kitabu hicho kiliwaudhi wengi, na hasira ile ilikuwa ushahidi kwamba mshale ulifika.

Kosa la nadharia ya wateule ni nini? Ni kwamba humpima mlezi kwa wale aliowatoa katika umaskini, wala haumwulizi habari za umaskini wenyewe. Kijana mmoja hodari akitolewa katika shule mbovu ya Chicago na kupelekwa katika shule nzuri, kijana huyo amepona. Tunafurahi. Lakini shule mbovu bado ipo, na sasa imepoteza mwanafunzi wake bora. Mwakani atatolewa mwingine. Huko si kujenga umma. Huko ni kuvuna bila kupanda, na mvunaji akishangiliwa kwa ukarimu wake.

Na katika ukoo huo huo wamo wahubiri wa tabia njema. Mwaka 2004, katika mji wa Washington, watu walikusanyika kuadhimisha miaka 50 ya ile hukumu ya mwaka 1954. Mchekeshaji tajiri Bill Cosby akapanda jukwaani, na badala ya kuwaenzi akina Harry Briggs akawashutumu Weusi maskini: jinsi wanavyozungumza, jinsi wanavyolea watoto, hata majina wanayowapa. Wako waliomshangilia ukumbini. Lakini tuyatazame mambo kwa utulivu. Sherehe iliandaliwa kwa heshima ya watu wanyonge waliofukuzwa kazi kwa kudai shule, na mnyonge wa leo akageuzwa kuwa mshitakiwa kwa kuwa shule zake bado ni mbovu! Hatusemi kwamba mzazi hana wajibu. Mzazi ana wajibu, na wazazi wengi maskini wanautimiza kwa taabu ambayo tajiri haijui. Tunachosema ni kwamba anayekuja kwa mnyonge akiwa na kidole cha kunyooshea, bila mkono wa kushikia, hajaja kulea. Amekuja kujisafisha asije akafananishwa naye.

Yupo mpinzani wa tatu, na huyu tunamheshimu. Anasema: "Mbona mzigo huu unatwishwa Mweusi peke yake? Daktari wa Kizungu akitoka kazini huenda kwake akapumzika. Daktari Mweusi hutarajiwa kumshauri kila mwanafunzi Mweusi, kuketi katika kila kamati ya usawa, kusimama katika kila picha ya hospitali, na wakati wa kupandishwa cheo hakuna hata moja la hayo linalohesabiwa. Tena mnataka kutuaminisha kwamba ushauri wangu wa Jumamosi utaziba pengo lililochimbwa kwa karne nzima?"

Malalamiko haya ni ya kweli, na takwimu zinayaunga mkono. Mwaka 1910 kulikuwa na vyuo 7 vya udaktari vya Weusi nchini Marekani. Mwaka huo ilitolewa ripoti ya Abraham Flexner juu ya elimu ya udaktari, na katika miaka iliyofuata vyuo 5 kati ya hivyo vilifungwa, vikabaki Howard mjini Washington na Meharry mjini Nashville. Athari zake hazijafutika: Weusi ni takriban asilimia 13 ya watu wa Marekani, lakini miongoni mwa madaktari ni takriban asilimia 5. Na katika mali hali ni hiyo hiyo. Uchunguzi wa Benki Kuu ya Marekani wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba familia ya Kizungu iliyo katikati kabisa ya safu, ukizipanga zote kuanzia fukara hadi tajiri, ilikuwa na mali ya dola 285,000, na familia ya Weusi iliyo katikati ya safu yake ilikuwa na dola 44,900. Hakuna nasaha duniani iwezayo kuziba pengo hilo. Mwaka 2023 Mahakama ya Juu ikaongeza chumvi kwenye kidonda ilipoamua, katika kesi dhidi ya Harvard na Chuo Kikuu cha North Carolina, kwamba vyuo visiifanye rangi ya mwombaji kuwa kigezo cha kumpokea.

Kwa hiyo tunakubali: malezi yasiwe kisingizio cha serikali na matajiri kukwepa wajibu wao. Shule ijengwe kwa kodi, wala isingoje huruma ya wakili mmoja. Hospitali inayonufaika na kazi ya daktari Mweusi ya kuwaongoza vijana imlipe na imhesabie. Lakini je, kutoka hapo tufike kwenye hitimisho kwamba kwa kuwa mzigo haukugawanywa kwa haki, basi utupwe njiani? Hasha. Hitimisho sahihi ni kwamba malezi yenyewe yawe ni maandalizi ya kudai haki hiyo. Na hili si ndoto. Limekwisha kufanywa, na waliolifanya wanajulikana.

Wa kwanza ni Charles Hamilton Houston. Alizaliwa Washington mwaka 1895, akasoma sheria Harvard, akaweza kuishi kwa raha kama wakili wa watu wenye nafasi. Mwaka 1929 alikabidhiwa uongozi wa shule ya sheria ya Howard, iliyokuwa ikifundisha zaidi jioni, baada ya saa za kazi. Aliigeuza ikawa shule kamili ya mchana yenye masomo makali, ikapata kutambuliwa rasmi. Wanafunzi walimlalamikia kwa ukali wake. Houston alikuwa na shabaha. Aliwafundisha kwamba mwanasheria ama ni mhandisi wa kuijenga jamii upya, ama ni kupe. Ndiyo, ndugu msomaji, kupe. Neno hilo halikuzaliwa katika majukwaa yetu peke yake.

Miongoni mwa wanafunzi hao alikuwamo Thurgood Marshall wa Baltimore, ambaye alijua kwamba shule ya sheria ya jimbo lake la Maryland haikuwa ikipokea Weusi. Alihitimu Howard mwaka 1933. Miaka 2 tu baadaye mwalimu na mwanafunzi walisimama bega kwa bega mahakamani Baltimore na kuilazimisha shule ile ile ya Maryland kumpokea kijana Mweusi, na ushindi huo ulithibitishwa katika rufaa mwaka 1936. Houston alifariki mwaka 1950, hakuiona hukumu ya mwaka 1954, lakini walioishinda kesi ile wakiongozwa na Marshall walikuwa wamepita mikononi mwake au wamefuata njia aliyoichora. Matunda yake yalivuka hata bahari: mwaka 1960 Marshall alikuwa London kuwasaidia wajumbe Waafrika wa Kenya katika mkutano wa katiba, akaandaa rasimu ya haki za raia. Mwaka 1967 akawa Mweusi wa kwanza kuketi katika Mahakama ya Juu ya nchi yake.

Tazama tofauti. Houston hakumfundisha Marshall jinsi ya kufanikiwa katika nyumba iliyojengwa kwa dhuluma. Alimfundisha wapi pa kuupiga ukuta mpaka uanguke. Mwanafunzi mmoja aliyelelewa hivyo aliwafungulia mlango mamilioni ambao hakupata kuwaona.

Wa pili tunaweza kumwita jirani yetu, maana aliishi kwetu. Robert Moses alizaliwa Harlem mwaka 1935, akasoma falsafa Harvard, akawa mwalimu wa hisabati katika shule ya fahari mjini New York. Angeweza kuishia hapo. Mwaka 1961 alikwenda Mississippi kuandikisha Weusi wapige kura. Huko alipigwa, alifungwa, na alishuhudia wenzake wakiuawa. Lakini jambo linalotuhusu hapa ni hili: msomi huyo wa Harvard alipofika, alijiweka chini ya ulezi wa Amzie Moore, mfanyakazi wa posta na mwenye kituo kidogo cha petroli, ambaye ndiye aliyemwonyesha kwamba kura ndiyo iliyohitajika kuliko kitu kingine. Moses hakuja na mpango mfukoni. Aliuliza kwanza. Na katika kazi ile wakaibuka viongozi kama Fannie Lou Hamer, mama aliyekuwa akilima pamba katika shamba la Mzungu, ambaye mwaka 1964 aliitikisa Marekani nzima kwa ushahidi wake mbele ya mkutano mkuu wa chama cha Democratic. Nani alikuwa mlezi wa nani? Hakuna jibu moja, na hiyo ndiyo afya ya malezi ya kweli.

Kuanzia mwaka 1969 mpaka mwaka 1976 Moses na mkewe, Janet, walikuwa Tanzania, na yeye alifundisha hisabati katika sekondari ya Same, mkoani Kilimanjaro. Hatudai kwamba sisi ndio tuliomfunza imani yake. Alikuja nayo kutoka Mississippi. Inatosha kwamba mtu wa aina yake aliona chumba cha darasa mjini Same ni mahali panapostahili miaka bora ya maisha yake.

Aliporudi kwao aliona kwamba katika shule ya binti yake, mjini Cambridge, Massachusetts, watoto waliwekwa katika mikondo, na mkondo wa aljebra haukuwa na nafasi kwa watoto wengi Weusi na maskini. Asiyesoma aljebra mapema hafiki kwenye hisabati ya chuo, na asiyefika huko amefungiwa nje ya uchumi wa leo. Moses akasema kwamba aljebra sasa ni kama kura ilivyokuwa Mississippi. Mwaka 1982 alipata fedha za tuzo kubwa ya MacArthur, akazitumia kuanzisha Mradi wa Aljebra. Watoto walipandishwa treni ya chini ya ardhi ya Boston, kisha wakaichora safari yao: kituo cha kuanzia kikawa sifuri, vituo vya upande mmoja vikawa namba chanya, vya upande wa pili hasi. Mtoto aliyeambiwa miaka yote kwamba hisabati si yake akajikuta ameipanda kwa nauli.

Na hakuwatafuta wateule. Mradi ule ulielekezwa kwa wanafunzi wa robo ya chini, wale ambao walimu wengine walikwisha kuwakatia tamaa. Katika miaka ya 1990 alirudi Mississippi kufundisha watoto wa sekondari mjini Jackson, na mwaka 1996 vijana waliopitia mradi huo wakaanzisha chombo chao wenyewe cha kuwafundisha wadogo zao, wakilipwa kwa kazi hiyo. Moses alifariki mwaka 2021. Hakuacha nyuma kundi la watu wanaofanana naye. Aliacha watu wanaoweza kufundishana bila yeye.

Kutokana na mifano hiyo tunaweza kupata mizani. Msomi Mweusi anayesema kwamba analea na ajiulize mambo matatu. Kwanza, ninamlea nani: yule ambaye angefanikiwa hata bila mimi, au yule ambaye mlango umefungwa mbele yake? Pili, ninamfundisha nini: kupenya peke yake, au kuufungua mlango na kuuacha wazi? Tatu, nimekwenda kwake kama mwalimu tu, au pia kama mwanafunzi, tayari kuambiwa na mhudumu wa petroli jambo nisilolijua? Akijibu vibaya maswali haya, basi na apunguze kujisifu. Akijibu vema, hata kama hana jukwaa wala mpiga picha, anastahili heshima yetu.

Watu watauliza, haya yanatuhusu nini sisi? Yanatuhusu sana. Mwalimu Nyerere alipolihutubia Bunge mwaka 1964 aliwafananisha wachache waliopata elimu na mtu aliyepewa chakula chote cha kijiji chenye njaa ili apate nguvu za kwenda mbali kuleta msaada; akila na asirudi, alisema Mwalimu, mtu huyo ni msaliti. Mfano ule ulitolewa kwa ajili ya Watanzania, lakini unamvaa msomi wa Chicago kama nguo iliyoshonwa kwa kipimo chake. Chakula alichokula ni kazi ya Harry Briggs, nyumba ya Mchungaji DeLaine, miguu ya watoto waliotembea huku basi likiwapita.

Mweusi aliyefanikiwa asiambiwe kwamba awahurumie wenzake. Huruma ni hiari, na mtu akichoka huiacha. Aambiwe kwamba amekopeshwa. Waliomkopesha hawana hati wala wakili, na wengi wao wamekwisha kufa. Lakini wajukuu zao bado wako pale pale, katika shule ile ile mbovu, wakingoja. Njia ya kwenda kwao anaijua, maana ndiyo aliyoipita alipokuwa akitoka.